Harrison Amepewa Station

"Ukifika pale utawaambia ukweli wote kabla hata hujakalia kiti, kwa sababu mimi sitaenda kukaa—"

"Exit, Serah! Exit hiyo—"

"—kukaa kwa nyumba ya watu nikimeza chai na uongo—"

"Uongo gani? Nani amedanganya? Niambie sentensi moja niliyosema ya uongo. Moja tu. Na exit umeipita."

"Nimeipita kwa sababu unaongea!"

"Unaongea wewe! Mimi nasoma barabara!"

Serah akauma midomo, akashika exit iliyofuata, akaanza kurudi nyuma kwa vichochoro vya mtaa wa Phillips, Minneapolis, theluji ya Machi imelala kando ya barabara, nyeusi kama maji ya kupiga deki. Tangu nyumbani Burnsville walikuwa wanagombana hivyo, kila mmoja anaanza kabla mwenzake hajamaliza. Pembeni yake, kaka yake mkubwa alikuwa amekaa wima ndani ya koti la sufu la kahawia lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, na katikati ya magoti ameshika fimbo. Fimbo! Mtu wa miaka thelathini na nane, miguu yote mizima, anapanda Corolla na fimbo.

"Hiyo kuni utaiacha kwa gari," Serah akasema.

"Si kuni. Ni walking stick. Kule kila mtu anatembea nayo jioni."

"Kule, kule, kule. Kule kukuchukue basi."

Tuelewane kuhusu hiyo "kule", kwa sababu ndiyo iliyoleta balaa lote.

Harrison alikuwa akifanya kazi stoo ya hospitali moja hapo Minneapolis, kusukuma toroli la glavu na mashuka kutoka basement mpaka wodini. Si kazi ya aibu. Aibu ilikuwa kwamba alilala kwa sofa ya Serah, ati kwa muda tu mpaka apate nyumba, na huo muda ulikuwa umeshaona baridi mbili na sasa unaelekea kuona ya tatu. Vuli iliyopita mwenzake wa stooni, kijana anaitwa Anil, akaenda kwao India kuoa, akaalika wenzake wote wa kazi jinsi watu hualika wakijua hakuna atakayekuja. Harrison akaenda. Harusi ikaisha, ndugu za Anil wakawapandisha wageni milimani, huko juu Himalaya, kuona mji uliojengwa na Waingereza enzi za ukoloni ili wakimbie joto la chini. Mji wa namna hiyo kwa Kiingereza unaitwa hill station.

Basi Harrison akasimama mbele ya nyumba moja ya mawe yenye dohani, akapigwa picha na koti alilonunua hapohapo sokoni, akaitupa Facebook: "At the hill station. God is faithful."

Hapo ndipo maneno yalipoharibikia. Ukimwambia Mkenya aliyelelewa na mwalimu au polisi neno "station", yeye hawazii mlima wala gari moshi. Station ni pale serikali inapokutuma kazi. Baba amebadilishiwa station. Mwalimu mkuu amepewa station mpya. Kwa hiyo watu hawakusoma "hill" hata kidogo. Walisoma station, wakaona koti, wakaona nyumba ya mawe, wakaona Mungu ni mwaminifu. Kabla ya jua kutua Anko Gilbert, shemasi wa fellowship yao na mtoto wa sajenti aliyezaliwa na kukulia polisi lines, alikuwa ameshaandika chini ya picha: "Congratulations my son! Promotion comes from above!" Mama yao kule Tigoni, Kenya, akasimama kanisani akatangaza. Wakapiga makofi.

Na Harrison, badala ya kusahihisha, akaandika neno moja: "Amen."

Kwa hiyo ni kweli, sentensi ya uongo hakuwa amesema. Amen si sentensi.

Hilo lote Serah angelicheka tu, maana kumcheka Harrison ilikuwa starehe yake ya bure tangu utotoni. Lakini kulikuwa na Pascasie. Pascasie alifanya kazi na Serah kwenye nyumba ya wazee, shift moja, wing moja, na ni Serah mwenyewe aliyewakutanisha yeye na Harrison, siku ambayo bado alikuwa na imani na ukoo wake. Walipendana kweli. Shida ilikuwa baba ya msichana, Mzee Ndagijimana, mfugaji wa Masisi, milima ya malisho ya Kongo ya mashariki, aliyetoka vitani na huyu Pascasie mgongoni. Mara mbili alikuwa ameombwa kukutana na Harrison, mara mbili akajibu vilevile: mwanaume anayelala ku kiti ya dada yake, atalaza binti yangu wapi, ku meza?

Na Pascasie alikuwa amesema wazi: Papa akikataa, mimi sitamruka. Akikataa mara ya tatu ndiyo basi.

Halafu wiki iliyopita, bila mtu kumwomba, mzee akatuma neno. Aje. Nimesikia habari yake.

Amesikia nini? Hilo ndilo lililomkosesha Serah usingizi. Kama mzee atasema ndiyo kwa sababu ya station ambayo haipo, siku akigundua ni Serah atakayekuwa akiangaliana na Pascasie kila asubuhi wakigeuza wagonjwa.

"Na huo mji wenyewe," Serah akaanza tena akipaki gari, "ungekuwa hata ni kitu! Kuna baridi, kuna ukungu, kuna chai, kuna kanisa la mawe na wazungu waliokufa nyuma yake. Harry, hiyo ni Tigoni! Wewe umezaliwa Tigoni! Umepanda ndege tatu na gari la kutapisha kwenye kona ili ukaone kwenu!"

"Si sawa. Kule kuna history."

"Na kwetu kulikuwa na nini, matope?"

"Kulikuwa na matope, ndiyo," Harrison akasema, akashuka na fimbo yake.

Mzee Ndagijimana aliwapokea akiwa na kofia ya pama kichwani na jaketi la suti, ndani ya sebule ambayo hita yake ilikuwa inachemka kama sufuria. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na namna ya kukuangalia kama ng'ombe ambaye hajaamua kumnunua. Mkewe Mukamana alikuwa kazini. Anko Gilbert alikuwa ameshafika na ameshaketi kwenye kiti kizuri, tai nyekundu, tumbo limetulia mapajani. Serah akamkabidhi Pascasie mandazi na mkebe wa majani ya chai, wakaingia jikoni.

"Umemwambia nini baba yako?" Serah akanong'ona.

"Mimi? Hakuna. Aliniuliza tu, wakati ule wa safari, yule Mukenya wako iko wapi siku hizi, sijamuona ku kona anakungojea. Nikamwambia iko ku hill station. Akanyamaza. Wiki iliyopita tu njo akasema aje." Pascasie akachungulia sebuleni. "Serah, mimi naogopa. Papa hajabadilishaka neno. Na hajaombaka mutu kitu tangu tufike Amerika. Hata lift. Anatembea na mguu mpaka ku hospitali, na theluji hii."

"Basi usijali, leo tutaomba sisi."

Walipotoka na chai, Anko Gilbert alikuwa ameshasimama kufungua kikao, mkono mmoja ndani ya jaketi kama anatafuta risiti.

"Mzee wangu, sisi tumekuja kwa unyenyekevu. Huyu kijana unayemwona, zamani alikuwa bado anatafuta. Lakini Mungu hamwachi mja wake. Kijana amepewa station."

"Nilisikia," akasema Mzee Ndagijimana. Akamgeukia Harrison. "Nilisikia eti uko na station."

Harrison akakohoa. Serah akamkazia macho: sema, sema sasa. Harrison akaangalia fimbo yake.

"Ni kule India, Mzee. Juu ya milima."

"India! Mbali vile? Na nani anaichunga wakati weye uko huku?"

"Lazima kuna deputy," akajibu Anko Gilbert haraka. "Station haiwezi kukaa bila deputy."

"Muzuri." Mzee akaridhika. "Iko na pompe ngapi?"

Anko Gilbert akaangalia dari kama jibu limeandikwa pale. Lakini Harrison uso ulimng'aa, maana kwa mara ya kwanza tangu arudi mtu alikuwa amemuuliza swali kuhusu safari yake ambalo alikuwa na jibu lake. Uani, nyuma ya ile nyumba ya mawe, kweli kulikuwa na pampu.

"Niliona moja, Mzee."

"Moja tu? Station muzima?"

"Moja. Ya mkono. Ya zamani sana, ya Waingereza."

"Ya mukono!" Mzee akaweka kikombe chini. "Na batu banapanga laini?"

"Sana! Asubuhi utawakuta wamepanga mpaka nje ya geti."

"Na bidon?"

"Na bidon, madumu ya kila rangi," Harrison akakubali kwa furaha. "Na ndoo, na kila kitu."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeijua dunia. "Kama Goma tu. Na ni essence ama ni mazout?"

Serah alikuwa ameuma andazi. Likamkwama. Miaka minne ya kukaa break room moja na Wakongomani ilimtosha kujua kwamba essence ni petroli na mazout ni dizeli, na kwamba Mkongomani akisema "station" hamaanishi kazi ya serikali wala mji wa wazungu. Anamaanisha pale unapotia gari mafuta. Mzee wa watu alikuwa amekubali kukutana na mwenye kituo cha petroli.

Akamwangalia Pascasie. Pascasie alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yametoka.

Harrison naye, mungu wa wajinga amlinde, alikuwa bado kwenye ile pampu yake.

"Ni maji, Mzee."

"Maji?"

"Maji matupu. Safi sana. Yanatoka mlimani."

Mzee Ndagijimana akaegemea nyuma. Akamtazama yule kijana upya, koti, viraka, fimbo. "Kumbe njo vile," akasema. "Unawauzishia batu maji. Banakuya na bidon yabo, banalipa essence, unabatilia maji." Akamgeukia Anko Gilbert. "Na kanisa yenu inajua?"

"Kanisa lilimwombea!" akasema Anko Gilbert kwa fahari.

Hapo Serah alipaswa kusema. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini, na tusimpambe, kulikuwa na sehemu yake moja iliyokuwa inakula hii tamasha kama njugu. Kumwona Harrison amekaa hapo, amevaa uzungu wa mitumba, anakiri bila kujua kwamba anaibia umma! Akajipa dakika moja zaidi. Dakika moja ikatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu Harrison alikuwa ameshatoa simu.

"Wacha niwaonyeshe, mtaelewa vizuri. Pascasie, waya wa TV uko wapi?"

Ile runinga ilikuwa kubwa, imechukua nusu ya ukuta. Himalaya ikatokea yote. Serah alikuwa hajaziona picha hizi. Nyumbani kila Harrison alipozitaja yeye alikuwa akiwasha blender.

Na Harrison akasimama. Akaelekeza kwa fimbo. Sauti yenyewe ilibadilika, ikawa ya puani, kama ameficha chakula kwenye shavu moja.

"Hii ni barabara ya kutembea jioni. Magari hayaruhusiwi. Hapa ni klabu. Mnaona vichwa vya wanyama ukutani? Kila kimoja kina jina la aliyekipiga. Hapa ni mahali pa chai. Saa kumi kamili chai inaletwa, na biskuti, na mhudumu amevaa kilemba cheupe na glavu."

"Glavu," akasema Serah. "Si wewe ndiye unazisukumaga?"

Harrison hakusikia. "Wale Waingereza walikuwa na discipline, bana. Joto likianza chini, serikali yote inapanda mlima. Mabwana, mama zao, piano, mafaili, makabati, meza za kuandikia, kila kitu kinapanda, barabara hakuna wala gari hakuna—"

"Kikibebwa na nani?"

"Eh?"

"Piano, Harry. Piano ilipanda mlima na miguu yake?"

Harrison akafungua mdomo, na kidole chake kikagusa simu, na picha iliyofuata ikajibu yenyewe.

Ilikuwa ngazi za mawe zinazopanda kwenye ukungu. Mbele amesimama Harrison, mguu mmoja juu ya ngazi, fimbo mkononi, kidevu kimeinuliwa. Kando yake mzee mmoja mdogo, ameinama mpaka uso unakaribia magoti. Mgongoni kwa yule mzee kulikuwa na sanduku kubwa la bluu. Sanduku lilikuwa limeshikiliwa na ukanda mmoja tu, na ukanda huo ulipita kwenye paji la uso wake.

Serah alilijua sanduku. Lilikuwa lake, alikuwa amemwazima.

Na alijua ule ukanda. Kwao uliitwa mukwa. Mama yao alibeba nao kuni, akabeba nao maji, akabeba nao magunia ya watu kwa shilingi chache kutoka barabarani mpaka majumbani mwao, miaka na miaka, hadi leo paji lake la uso lina kibonde ambacho hakitatoka. Harrison alipokuwa mtoto alikuwa akilishwa uji huku kidole chake kimelala ndani ya kile kibonde. Bila hicho kibonde hakuwa akila. Hadithi hiyo Mama alikuwa akiisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi wote walicheka.

Hakuna aliyecheka sasa. Hita ilikuwa inagonga ndani ya ukuta.

"Ule muzee," akasema Mzee Ndagijimana, "amebeba nini?"

"Ni mzigo, Mzee."

"Ya nani?"

Harrison akaiangalia picha kama vile ni mara ya kwanza. Labda ilikuwa kweli ni mara ya kwanza. Siku zote alikuwa akiangalia kidevu chake tu.

"Wangu," akasema.

Serah akaweka andazi mezani.

"Mzee, nisamehe, mimi ndiye dada mtu na nimenyamaza vya kutosha. Hakuna petroli. Hakuna pompe. Hiyo pampu ni ya kuchota maji ya kunywa. Anko Gilbert, nawe pole, hakuna kazi, hakuna deputy, hakuna serikali iliyompa huyu mtu kitu. Ni mji tu. Ni mahali wazungu walienda kupunga upepo, na huyu naye akaenda kupiga picha akijifanya mzungu aliyechelewa kurudi kwao. Hiyo nyumba si yake. Hilo koti ni la sokoni. Hata sanduku ni langu!" Akamgeukia kaka yake. "Na umemvisha mzee wa watu mukwa, Harry. Umesimama pale na fimbo. Wewe. Mtoto wa nani?"

"Nilimlipa—"

"Hata Mama alikuwa akilipwa!"

Anko Gilbert ndiye aliyelipuka kwanza. "Sasa mimi nimetoa ushuhuda wa nini? Nimesimama mbele ya fellowship! Nimeshawaambia watu wa Brooklyn Park! Unajua baba yangu alipopewa station ya Garissa tulifunga siku tatu? Siku tatu, na Garissa kuna joto! Na wewe unaandika Amen! Amen ya nini?"

"Nilitaka kuandika kwamba ni safari tu," Harrison akasema. Sauti ya puani ilikuwa imetoka, imebaki ile ya Tigoni. "Kisha nikaona mmefurahi. Nyinyi wote. Hakuna siku mliwahi kufurahi kwa sababu yangu. Nikasema wacha wafurahi kidogo."

"Kidogo!" Anko Gilbert akalegeza tai.

Harrison akaegemeza fimbo ukutani. Ikateleza ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Akavua koti pia, maana nyumba ilikuwa na joto na lile koti sasa halikuwa na kazi. Ndani alikuwa amevaa fulana ya kampuni ya glavu.

"Mzee, kazi yangu ni kusukuma toroli. Nalala kwa sofa. Hiyo unaijua tangu mwanzo, na ulisema ukweli. Sina station. Ninachotaka ni Pascasie tu, na yeye anajua nilivyo. Ukikataa, sitarudi kukusumbua."

Pascasie alikuwa analia bila sauti, ameshikilia birika kwa mikono miwili kama litamkimbia. Serah akaanza kutafuta makoti kwa macho. Lake lilikuwa chini ya la Anko Gilbert. Alikuwa ameshaiona njia yote ya kurudi: barabara kuu ya 35W, kimya, Harrison amekaa bila fimbo, na kesho asubuhi Pascasie kwenye wing, anageuza mgonjwa bila kumwangalia usoni.

Mzee Ndagijimana hakuwa amesogea.

"Kwa hiyo essence hakuna," akasema.

"Hakuna, Mzee."

"Hata kidogo."

"Hata tone."

"Na bazungu benye balijenga ile mutaa, bako wapi?"

Harrison akashangaa swali. "Walienda. Zamani sana."

"Na balipoenda, batu ya pale habakupigana? Kugombania manyumba? Milima, na majani ya kulisha?"

"Sijui ya zamani, Mzee. Mimi sikuona vita. Niliona watu wanauza chai, watoto wanaenda shule. Na ng'ombe."

"Ng'ombe." Mzee akalirudisha lile neno kinywani polepole. "Uko na foto yabo?"

"Iko moja, lakini ni mbaya. Ilijipiga yenyewe nikiwa kwa gari."

"Weka."

Harrison akatafuta. Vikapita vichwa vya wanyama, likapita kanisa, ikapita biskuti ya saa kumi. Halafu runinga ikajaa kijani. Picha ilikuwa imekaa upande, kona moja imefunikwa na kidole cha Harrison. Kilima kinashuka kwa kasi, nyasi ndefu zenye maji, uzio wa miti uliolala, ukungu unatambaa kutoka bondeni, na katikati ya ukungu ng'ombe wachache wamesimama tu, bila mchungaji, bila haraka, vichwa chini. Hakukuwa na mzungu wala dohani. Hakukuwa na Harrison, asante Mungu, zaidi ya kile kidole.

Mzee akainuka. Akaenda mpaka mbele ya runinga, karibu sana, mpaka mwanga wa kijani ukamkaa usoni. Akavua kofia. Pascasie baadaye alimwambia Serah hajawahi kumwona baba yake akivua ile kofia mbele ya wageni, hata mbele ya mtu wa uhamiaji.

Alisimama pale muda mrefu. Anko Gilbert akaanza kusema jambo, Serah akamkanyaga kiatu.

"Papa?" Pascasie akaita.

Mzee akainua mkono, akagusa kioo mahali ukungu ulipoanzia, akafuata ukingo wa kilima kwa kidole mpaka chini, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

"Huku ni chini tu," akasema, bado amewapa mgongo. "Fasi yote ni chini, kama meza. Miaka yote hii mimi natembea, natembea, sijapanda hata mara moja. Passeport ya Amerika balinipatia. Nilinyanyua mukono, nikaapa. Iko mu kabati, chini ya mashuka. Haijatokaka."

Akageuka. Akamtazama Harrison kuanzia fulana ya glavu mpaka soksi, na dharau yake yote ilikuwa bado pale pale, haijapungua hata kijiko.

"Ng'ombe ya mahari sitaki. Nitaifungia wapi, ku balcon? Munipeleke pale. Weye, na Pascasie, na huyu dada yako mwenye kinywa. Munipeleke nione, njo mahari yangu." Akaivaa kofia yake. "Lakini mizigo yangu ntabeba miye mwenyewe."